Mzee akishasema "hiyo damu", mimi niandike nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkemia, mwaka wa pili kazini hapa Mbeya. Nimekabidhiwa kwa mkemia mwandamizi anilee. Ni mtu mwema, ananifundisha hadi namna ya kufunga bahasha ya kielelezo cha kesi. Shida ni moja: kabla sijafungua bahasha, yeye keshasema, "Hiyo damu hiyo," au, "Hapo hupati kitu." Nikimaliza kupima nakuta na mimi nimeona hivyohivyo. Wiki iliyopita sikuwa na uhakika, nikaandika alivyosema yeye. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Nitampingaje mtu wa rika la baba yangu? – Mkemia mchanga, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imeniunguzia viazi jikoni, na viazi vyenyewe vinahusika, subiri.

Nikiwa na umri wako niliwekewa mezani kisu chenye doa la kahawia karibu na mpini. Mlezi wangu alikuwa ameshasoma karatasi ya polisi. Akasema, "Damu hiyo, fanya upesi, wanasubiri." Nikafanya kipimo cha awali, kile cha Kastle-Meyer: unasugua doa kwa karatasi ya kuchujia, unadondosha kemikali, halafu tone la haidrojeni peroksaidi. Rangi ya waridi ikaja. Nikaandika "damu", nikasaini. Kipimo cha kuthibitisha sikufanya, maana mzee alikuwa ameshathibitisha kwa mdomo.

Sasa kile kisu kilitoka jikoni kwa mtu, na huku kwetu kisu cha jikoni kazi yake unaijua: kumenya viazi mviringo asubuhi na jioni. Kiazi kina kimeng'enya kiitwacho peroksidesi, nacho kinaweza kuleta waridi ileile. Ndiyo maana kikaitwa kipimo cha awali! Mahakamani wakili, ambaye sidhani kama aliwahi kushika chupa ya kemikali, aliniuliza swali moja tu: "Ulijuaje kuwa ni damu na si kitu kingine?" Nikafungua mdomo, likaja jina la bosi wangu. Nikalimeza. Doa lile lilikuwa la nini, sijui hadi leo.

Usidhani ni ushamba wetu wa kuogopa wazee. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, Hispania, FBI wa Marekani walisema alama ya kidole iliyokutwa kwenye mfuko wa vilipuzi ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Mtaalamu wa kwanza alisema ni yake, wengine wakahakiki huku jibu la mwenzao wanalo, mmoja wao mstaafu wa siku nyingi kama mimi. Wote wakaona ni yake. Mayfield akakaa ndani wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipompata mwenye kidole, raia wa Algeria. Kwa hiyo wewe kuona "hivyohivyo" kila mara hakunipi raha hata kidogo. Hapo jicho lako limeona kwa jicho la mwenzako.

Kumpinga hakuna haja. Mtangulie kuandika. Mwambie asubuhi, kabla kazi haijaanza, mkiwa wawili: "Baba, naomba safari hii usinidokeze. Nataka nikikosea ujue nimekosea wapi, unirekebishe." Mzee anayependa kufundisha atafurahi. Halafu andika ulichokiona kwa kalamu ya wino: rangi gani, baada ya sekunde ngapi, saa ngapi, sahihi yako. Ndipo upeleke mezani kwake. Mkitofautiana, yote mawili yabaki kwenye faili, na kipimo kirudiwe na mtu wa tatu ambaye hajasikia ubishi wenu. Na ile karatasi ya polisi inayosimulia nani kamchoma nani, usiisome kabla ya kupima doa. Doa halihitaji kujua jina la mtuhumiwa.

La wiki iliyopita ndilo zito. Mweleze mzee wako kesho, si mwezi ujao, kisha mwende wote kwa msimamizi wa ubora. Usifute ulichoandika. Ongeza maelezo yenye tarehe ya siku unayoyaandika, na kama sampuli imebaki, ipimwe upya. Utaona aibu, ndiyo. Aibu ya ofisini ina watu watatu. Ile niliyoiona mimi ilikuwa na ukumbi mzima na mama wa mshtakiwa kwenye benchi la mbele.

SWALI: Mama, mimi niko upande wa pili. Nalea vijana watatu maabara, kila ninachosema wananijibu "ndiyo mzee". Nifanyeje waniulize? – Mwandamizi, Iringa

JIBU: Wape sampuli ambayo jibu lake unalijua wewe, wao hawalijui. Wiki inayofuata wakutengenezee wao ya kwako, na ukikosea, jibu lako libandikwe ukutani pamoja na yao. Na ukiitwa kutoa ushahidi, kama kesi inasikilizwa hadharani, nenda nao wakae nyuma, wahesabu mara ngapi umemjibu wakili "hilo sikulipima". Mkitoka hapo, chai na chapati ni juu yako.