Kunguni: anza na kitanda kabla ya dawa

Pole sana dada. Umesema mwanao anaamka na vipele vilivyojipanga mstari, na umepuliza dawa mara mbili bila nafuu. Usiku washa tochi, kagua mishono ya godoro na nyufa za chaga: vidoa vyeusi kama vya wino ni kinyesi cha kunguni. Shuka na foronya zifue kwa maji ya moto yanayozidi nyuzi 60. Kifungue kitanda, umwagie maji yanayochemka kwenye matundu ya skrubu, maana humo ndimo yalimo mayai. Rudia baada ya siku 10. Mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Mafuta ya taa usithubutu, utaunguza nyumba! Na kitanda cha mtumba kikague nje, kabla hakijavuka mlango.