Uliza Tukujibu: Precision na pangaboi zake

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nakaa Kipawa, ndege zinatupitia juu ya bati kutwa nzima. Hawa Precision Air ni wa siku nyingi, mbona mpaka leo wanarusha pangaboi, hizi ndege za mapanga yanayozunguka? Hela hawana au? Na ni kweli ni kampuni ya Wakenya?

JIBU: Marahaba. Hela zimewasumbua kweli, nitafika huko, ila hata wangekuwa matajiri pangaboi wangebaki nazo, na mimi naona ndo uamuzi wa akili kuliko yote waliyowahi kufanya.

Walianza 1991 kule Arusha, mzee Michael Shirima (alifariki 2023) alikuwa na kandege ka Piper Aztec ka viti vitano, ka kukodisha tu, ratiba ya kueleweka ikaja 1993 watalii walipoanza kuongezeka. Baadae wakahamia kwenye ATR, pangaboi zinazoundwa Toulouse, Ufaransa, na hapo ndo wakapata saizi yao: ATR 42 inabeba watu kama 48, ATR 72 kama 70. Mwaka 2012 wao ndo walikuwa wa kwanza duniani kupokea ATR 42-600, kwa hiyo anayesema wanaokota mikweche hajui anachoongea.

Sasa kwa nini panga? Kwanza ile injini yenyewe ni tabaini (injini inayozungushwa na gesi ya moto) kama ya jeti, tofauti ni kwamba nguvu yake kubwa inaenda kuzungusha panga. Jeti inakuwa na faida ikipanda juu sana na kukaa huko masaa, we Dar mpaka Zanzibar ni dakika ishirini hivi, unapanda juu kufanya nini, ukimaliza kupanda unatakiwa uwe umeshashuka! Mafuta yanaisha bure. Halafu kuna viwanja, Bukoba lami yake ni kama kilomita moja na nusu, jeti kubwa huingizi pale, ila ATR inatua vizuri na abiria wake. Hata Air Tanzania walivyofufuliwa 2016 walianza na Bombardier Q400, pangaboi hizo hizo, watu wakacheka sana mitandaoni.

Majeti Precision waliwahi kukodi, Boeing 737-300, wakawa wanaenda mpaka Johannesburg. Yalirudishwa. Oktoba 2011 wakauza hisa soko la Dar kwa shilingi 475 moja, wanunuzi wakaja wachache kuliko walivyotegemea, mwaka uliofuata Fastjet akaingia mjini na Airbus A319 na nauli za kutupa, aliyeumia unamjua. Ila Fastjet mwenyewe Tanzania hayupo tena, Precision wapo.

Ya Wakenya: Kenya Airways walinunua asilimia 49 mwaka 2003, baada ya zile hisa za 2011 fungu lao likashuka kwenye 41 hivi. Wabia wakubwa, sawa, ila kampuni ni ya hapa.

SWALI: Tangu ile ajali ya Bukoba mama yangu hataki kusikia ndege ya panga. Nimwambieje?

JIBU: Usimcheke, ile iliuma. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42-500 ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, watu 19 kati ya 43 wakafariki na wavuvi ndo walikuwa wa kwanza kuokoa. Ila mwambie siku ile hali ya hewa ilikuwa mbaya, na mbele ya hali ya hewa jeti na panga wote wanaogopa sawa.

SWALI: Nasafiri na pangaboi ya Precision mara ya kwanza kwenda Mwanza, nikae wapi?

JIBU: Popote dirishani, mabawa yako juu kwa hiyo hayakuzibii sana kuona chini. Mlango wa abiria uko nyuma, mbele wanaweka mizigo, kwa hiyo ukitaka kushuka wa kwanza omba siti za mwisho.