Maagizo Kutoka Juu: Kumwandika Mkubwa Asiyeonekana

Ndugu mwandishi unayeanza, huenda katika mswada ulio mezani pako sasa hivi yumo mtu mmoja ambaye kila mhusika anamwogopa na hakuna aliyewahi kumwona. Ana jina la kificho, ana sauti ya kukwaruza, amekaa kwenye kiti kilichotupa mgongo, na moshi wa sigara unapanda juu ya kichwa chake. Namfahamu vizuri mtu huyo kwa sababu hata mimi nilimwandika. Katika mswada wangu wa kwanza alipiga simu mara 14, kila mara akitoa amri moja na kukata kabla hajajibiwa, nami nikaamini kwamba kukata simu ndiko kutisha kwenyewe. Rafiki niliyempa mswada ule ausome aliurudisha ukiwa na swali moja tu pembeni mwa ukurasa: watu hawa wanalipwa na nani, na fedha zinawafikiaje? Sikuwa na jibu, maana mkubwa wangu hakuwa amefichwa popote. Nilikuwa bado sijamuumba.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, nalo ni kwamba kujificha ni kazi, tena kazi ya watu wengi. Mtu asiyeonekana anahitaji wa kumbebea barua, wa kumlipia pango, wa kupokea simu na kusema kwamba hayupo, na wa kujua ni mlango gani usiofunguliwa. Kila mmoja wa hao anajua kipande kimoja cha mkubwa, na vipande hivyo ndivyo utakavyoviandika mahali pa sura yake. Samuel Beckett, katika tamthilia yake ya kumngojea Godot, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1953, hamleti Godot jukwaani hata mara moja. Anamleta mtoto. Mtoto huyo anakuja jioni kusema kwamba bwana Godot hatafika leo ila kesho bila shaka, na wale wanaongoja wanapomdodosa wanaambulia mambo machache: kwamba yeye anachunga mbuzi na ndugu yake anachunga kondoo, kwamba ndugu yake hupigwa na yeye hapigwi, na kwamba hajui kwa nini. Hilo la mwisho lirudie kulisoma. Bwana anayempiga mmoja na kumwacha mwenzake bila sababu inayojulikana tayari ana nyumba, ana mkono na ana tabia, ingawa hatujui hata kama ndevu zake ni nyeupe kweli, kwa kuwa mtoto mwenyewe anadhani tu.

Waandishi wanaoanza huhofu kwamba mkubwa wao akikosea hata mara moja atapungukiwa na haiba, kwa hiyo humfanya ajue kila kitu na awepo kila mahali. Mtu wa namna hiyo huchosha upesi. Katika riwaya ya Franz Kafka kuhusu ngome, iliyotoka mwaka 1926 baada ya mwandishi wake kufariki, mpimaji ardhi aitwaye K. anapokea barua mbili kutoka kwa ofisa mkubwa anayeitwa Klamm. Ya kwanza ina sahihi isiyosomeka, na kando yake kimepigwa chapa cheo. Ya pili inamsifu kwa kazi ya upimaji aliyokwisha kuifanya, ilhali hajapima hata hatua moja. Kosa hilo ndilo linalomwogofya msomaji, kwa sababu haelewi kama mkubwa amedanganywa, amesahau, anakejeli, au labda hajawahi kuisoma barua aliyoitia sahihi. Tarishi aliyezileta, Barnabas, hana hata hakika kama mtu anayemwona huko ofisini ndiye Klamm.

Nilipouandika upya mswada wangu niliiondoa simu nikaweka karatasi. Karani wa bohari anapokea kila Ijumaa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mistari miwili au mitatu ya maagizo, naye huisoma, huichoma, kisha huosha mikono. Ijumaa moja anapoikunjua anakuta neno «tafadhali» limekatwa kwa mstari ulionyooka, uliopigwa kwa rula. Anakaa na karatasi ile muda mrefu kuliko kawaida. Je, mkubwa aliliandika kwa mazoea ya malezi yake, kisha akaona halimfai? Au aliliandika mmoja na kulikata mwingine? Na kama ni hivyo, wako wangapi? Ukurasa huo mmoja ulinigharimu wiki nzima, lakini ulifanya kazi ambayo zile simu zote hazikuweza kuifanya, na nikuibie siri kwamba hadi leo najua jibu la maswali hayo, ingawa halimo kitabuni. Lazima ulijue. Usipolijua, msomaji atalinusa.

Kuhusu uvumi, ushauri wangu ni kwamba kila anayemsimulia mkubwa amsimulie kwa kipimo cha kazi yake mwenyewe. Joseph Conrad, katika hadithi yake ndefu ya mwaka 1899 kuhusu msafiri anayepanda mto kumfuata wakala wa pembe za ndovu aitwaye Kurtz, anamfanya mhasibu wa kampuni awe wa kwanza kulitaja jina hilo, na mhasibu anamsifu kihasibu: pembe anazoleta Kurtz peke yake zinalingana na za wengine wote zikijumlishwa. Baadaye meneja anamzungumzia kwa jicho la mtu anayehofia kunyang'anywa kiti. (Namna hadithi hiyo inavyowanyima Waafrika sauti inaniudhi kila ninapoirudia, lakini ufundi wa kumjenga mtu kwa vinywa vya wengine huwezi kuukana.) Ukiwafanya wahusika wote wanong'one sifa zilezile, kwamba ni katili, ni tajiri na hana huruma, utakuwa umemwandika mnong'onaji mmoja kwa majina tofauti.

Chunga pia jinsi mamlaka yanavyohama kimyakimya. Wasomaji wa «Shamba la Wanyama», tafsiri ya riwaya ya George Orwell iliyotolewa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967, watakumbuka kwamba Napoleon, nguruwe anayetawala shamba, anaanza kuonekana kwa nadra hadharani na amri zake zinaletwa na nguruwe mwingine, msemaji wake hodari. Kadiri mkubwa anavyojitenga ndivyo anayesema kwa niaba yake anavyonenepa, na riwaya nyingi za aina hii zingefaidika kama mwandishi angeyafuata hayo mpaka mwisho: tarishi anaweza kuongeza neno, kupunguza neno, au kuendelea kuleta maagizo ya mtu aliyekwisha kufa.

Kisha linakuja suala la sura. Amua mapema kama ataonekana au hataonekana, kwa sababu maamuzi hayo yanabadilisha kila ukurasa unaotangulia. Katika filamu ya James Bond ya mwaka 1963 mkuu wa magaidi anaonekana mikono na paka wake mweupe tu, mwili ukiwa wa mwigizaji mmoja na sauti ya mwingine, na katika orodha ya waigizaji jina lake limeachwa kuwa alama ya kuuliza. Uso ulipotolewa mwaka 1967, ulikuwa uso wa mtu, na uso wa mtu hauwezi kushindana na miaka minne ya kukisia. L. Frank Baum alilitatua tatizo hilo vizuri zaidi mwaka 1900. Wageni wanne wanaokwenda kumwona mchawi mkuu wa Oz wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja anaona kitu chake: kichwa kikubwa, bibi mrembo, mnyama wa kutisha, tufe la moto. Mbwa anapoangusha kiambaza na kikatokea kizee kifupi chenye upara, hatuhisi kudanganywa, kwa kuwa swali tulilokuwa nalo lilikuwa ni kipi kati ya vile vinne kilicho cha kweli. Udogo wake ndio jibu. Kama mkubwa wako akitokea atakuwa tu yule yule tuliyesimuliwa, mrefu kidogo na mkali kidogo, heri abaki ndani.

Nimeliacha la lugha mpaka hapa kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kiswahili kimetupa nyenzo ambazo waandishi wa lugha nyingi wanazitafuta kwa jasho. Kwanza, «yeye» haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na wala kitenzi hakisemi. Unaweza kumweka mkubwa wako kurasa 300 bila kuitaja jinsia yake na bila sentensi hata moja kupinda, mradi tu usiteleze ukaandika «Bwana», «Mama» au «shangazi yake». Pili, tunayo kauli ya kutendwa, ambayo ofisi zetu zimeinoa miaka mingi: imeamuliwa, imeagizwa, haitaruhusiwa. Mtendaji hayumo na hakuna anayemkosa. Tatu, tunao wingi usiohesabika, kama mtu anaposema «wakubwa wamekasirika» na wewe usijue kama ni kumi au mmoja anayeogopwa kama kumi. Zipange nyenzo hizi kwa makusudi, kwa maana msomaji huzoea mpangilio bila kujua kwamba ameuzoea, na akishauzoea unaweza kuuvunja.

Katika mswada ninaousimulia, karani alipokea karatasi 21, na zote ziliandikwa kwa kutendwa: mzigo upokelewe, mlinzi abadilishwe, hesabu zifungwe. Hapakuwa na «mimi» wala «sisi» popote. Karatasi ya 22 ilikuwa na mstari mmoja: «Nilipita bohari jana, nikaona umepunguza uzito.» Nilipoiandika sentensi hiyo nilikuwa bado nina sura mbili zilizokwisha kuandikwa, ambamo mkubwa anaingia, anaketi kitini na kueleza kwa kirefu alivyofika hapo alipo. Nilizisoma tena asubuhi yake, nikazitoa zote mbili.