Tiba ya jeni au tiba ya vinasaba?

SWALI: Ninatafsiri kipeperushi cha wazazi kuhusu utafiti wa tiba ya magonjwa adimu ya kurithi, selimundu (siko seli) ikiwa mojawapo. Mimi niliandika "tiba ya vinasaba", mhariri wangu akaifuta na kuandika "tiba ya jeni". Tulipompa mama mmoja rasimu aisome, aliuliza kama mtoto akishabadilishwa vinasaba ataendelea kuwa wa baba yake. Lipi ni sahihi, na nimjibu nini mama huyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Naanza na swali la mama, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Mama huyo hakukosea kusoma. Kinasaba ni neno lililoundwa kutokana na nasaba, yaani ukoo, na kwa Mtanzania wa kawaida vinasaba ni jambo la mahakamani, la ustawi wa jamii na la magazetini: mwanamume anayekana ujauzito, mwili usiotambulika baada ya ajali, watoto waliobadilishwa wodini. Kipimo chenyewe hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ipo sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba vinasaba vya mwanawe vitabadilishwa anaelewa, na ana haki ya kuelewa, kwamba kinachobadilishwa ni kile kinachomfanya mtoto awe wa ukoo fulani.

Mhariri wako yuko sahihi, ingawa sababu si kwamba vinasaba ni neno baya. Ni neno zuri, limekaa vizuri katika ngeli ya KI-VI, na linafaa kabisa pale tunapozungumzia DNA yote ya mtu kwa jumla, yaani maelekezo yote ya urithi yaliyomo katika seli zake. Jeni ni sehemu moja tu ya DNA hiyo, yenye maelekezo ambayo mara nyingi ni ya kutengeneza protini fulani, na binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000. Utafiti unaouzungumzia hushughulika na jeni moja au mbili kati ya hizo. Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tunasema jeni hii, jeni hizi, jeni moja, jeni yenye kasoro. "Majeni" na "jeni hiki" ninayoyaona katika baadhi ya tafsiri hayana sababu ya kuwapo. Andika "tiba ya jeni" kipeperushi kizima, na vinasaba viache kwa ajili ya DNA kwa ujumla wake.

Sasa jibu la mama. Tiba za jeni zilizokwisha kuidhinishwa hulenga seli za mwili na si mayai wala mbegu za kiume. Kwa ugonjwa wa selimundu zinalengwa seli za uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, zinazozaa damu. Kwa aina moja ya upofu wa kurithi inayotokana na jeni ya RPE65, zinalengwa seli za retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Kwa ugonjwa wa kudhoofika misuli ya uti wa mgongo, unaofupishwa SMA, zinalengwa neva zinazoendesha misuli. Kipimo cha kumtambua baba hutazama sehemu nyingine nyingi za DNA ambazo tiba hizi hazilengi. Mtoto atabaki wa baba yake na wa mama yake. Linalostahili kuongezwa, na ambalo vipeperushi vingi hulisahau, ni kwamba kwa sababu hiyo hiyo aliyetibiwa bado anaweza kuwarithisha watoto wake jeni ile ile yenye kasoro.

Kwa kweli anayebadilika vinasaba vya damu ni mgonjwa mwingine kabisa, yule anayepandikizwa uloto wa ndugu yake, huduma ambayo kwa watoto wenye selimundu imeanza kutolewa Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Damu yake hutengenezwa na seli za aliyemchangia, kwa hiyo sampuli ya damu ikipimwa huonyesha DNA ya mchangiaji. Katika tiba ya jeni ya selimundu mgonjwa hurudishiwa seli zake mwenyewe baada ya kufanyiwa kazi maabara. Usitumie neno "kupandikiza" kwa tiba hizi mbili bila kusema ni seli za nani, maana hapo ndipo wazazi wengi hupotea.

Hukuniuliza kuhusu vitenzi, lakini katika rasimu uliyoambatanisha nimekuta jeni "inarekebishwa" kila mahali, na hapa naomba nikae kidogo. Tiba ya jeni si tendo moja. Katika SMA mtoto huingiziwa kwenye mshipa nakala nzima ya jeni ya SMN1, na ile yenye kasoro huachwa ilivyo. Kitenzi chake ni kuongeza. Katika dawa ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, madaktari hutumia CRISPR, mbinu inayofanya kazi kama mkasi wa kukatia DNA, kukata sehemu inayoiamuru jeni nyingine kabisa, BCL11A, ifanye kazi katika seli zinazozaa chembe nyekundu za damu. Jeni hiyo ikizimwa, mwili hurudia kutengeneza hemoglobini (protini inayobeba oksijeni katika damu) ile ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni, nayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Herufi moja iliyokosewa katika maandishi ya jeni ya beta-globini, jeni inayotengeneza sehemu ya hemoglobini, ambayo ndiyo chanzo cha selimundu, haiguswi. Ukiandika kwamba "jeni ya selimundu imerekebishwa" umesema jambo ambalo halikutokea. Kitenzi chake ni kuzima, na ukitaka neno la jumla la mbinu yenyewe, kuhariri kinafaa, kwa kuwa mtu hukata mahali mahususi alipokusudia. Kurekebisha kwa maana yake halisi kumefanyika pia: mwaka 2025 madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walieleza jinsi walivyomtibu mtoto mchanga ambaye ini lake lilishindwa kuondoa amonia mwilini, kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake ili kubadili herufi moja iliyokosewa. Hapo andika "kurekebisha" bila wasiwasi.

Basi kabla ya kuchagua kitenzi, muulize mtafiti: mnaongeza, mnazima au mnarekebisha? Akishindwa kukujibu kwa Kiswahili, mwombe akuchoree.

Neno virusi nalo linahitaji uangalizi. Jeni inayoongezwa kwa kawaida hubebwa na virusi vilivyoondolewa jeni zao wenyewe, na baadhi ya tiba za damu hutumia virusi vilivyotengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI. Najua kishawishi cha mtafsiri ni kulificha hilo kwa neno lisiloeleweka, "vekta" kwa mfano, ambalo wengi wanalijua kwa hesabu za shuleni. Usilifiche. Mzazi atalisikia kwa jirani siku moja, na likimjia kwa njia hiyo hatakuamini tena. Andika "virusi vya kubebea jeni, vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana na kusababisha ugonjwa", na hapo hapo utaje asili yake.

Kubwa kuliko yote ni neno tiba lenyewe. Katika Kiswahili tiba hubeba maana mbili: tendo la kutibu, na dawa inayoponya. Tunaposema "ugonjwa huu hauna tiba" hatumaanishi kwamba mgonjwa hapewi chochote; tunamaanisha haponi. Kwa hiyo mzazi anaposoma "utafiti wa tiba ya jeni" jicho lake hutua kwenye tiba na kuuruka utafiti. Historia ya taaluma hii inatufundisha jinsi mkanganyiko huo unavyoweza kugharimu. Jaribio la kwanza lililoidhinishwa lilifanyika Bethesda, Marekani, mwaka 1990, kwa msichana wa miaka minne asiye na kinga ya mwili ya kutosha. Miaka tisa baadaye, mwezi Septemba 1999, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 aliyekuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi, alifariki siku chache baada ya kudungwa virusi vilivyobeba jeni katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Jaribio lile halikukusudiwa kumponya yeye. Lilikuwa la kupima usalama. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba fomu ya ridhaa haikueleza kuwa nyani waliopewa dawa za aina hiyo kabla yake walikufa. Kilichokosekana kwenye karatasi ile kingeelezwa kwa sentensi moja tu.

Kwa sababu hiyo, pale dawa inapokuwa bado inajaribiwa, andika "jaribio" au "utafiti" mwanzoni mwa sentensi na si mwishoni, na anayejiunga umwite "mshiriki", kwa kuwa mgonjwa anakuja kutibiwa ilhali mshiriki anakubali kujaribiwa. Na pale matokeo yapo, yataje badala ya kuandika "walipona". Mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilipoidhinisha Casgevy ilieleza kwamba kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupata maumivu makali yale ya selimundu. Hiyo ni habari njema mno, na haihitaji kutiwa chumvi. Iandike pamoja na tibakemikali kali ambayo kila mmoja wao alilazimika kupewa kwanza ili kuondoa seli za zamani za uloto, na pamoja na bei iliyotangazwa Marekani, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ili mzazi wa Morogoro ajue anasoma habari iliyo umbali gani naye.

Kuhusu adimu na nadra, kamusi zinaruhusu yote mawili. Adimu huelekea kwenye kitu kisichopatikana kwa urahisi, mara nyingi kinachotafutwa; nadra huelekea kwenye jambo lisilotokea mara kwa mara. Mimi ningependelea nadra, lakini "magonjwa adimu" yamekwisha kuzoeleka na wazazi wenyewe wanayatumia, kwa hiyo yaache. Kosa la rasimu yako liko kwingine: umeiweka selimundu miongoni mwa magonjwa adimu kwa sababu makala uliyoifasiri ni ya Marekani, ambako ugonjwa huhesabiwa adimu ukiwa na watu wasiofikia 200,000, na wenye selimundu huko hukadiriwa kuwa kama 100,000. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwetu si adimu hata kidogo, na msomaji mwenye wajukuu wawili wenye ugonjwa huo atakifunga kipeperushi chako hapo hapo.

"Ya kurithi" ni sahihi. Usikubali "magonjwa ya kuzaliwa nayo", kwa kuwa mtoto anaweza kuzaliwa na tatizo lililosababishwa na maambukizi ya mama alipokuwa mjamzito, wala "magonjwa ya ukoo", ambayo huanzisha ugomvi wa kutafuta upande wa kulaumiwa. Wazazi wawili wenye jeni moja moja ya selimundu wana uwezekano wa robo wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huo katika kila ujauzito. Ukiandika "mmoja kati ya watoto wanne" wapo watakaodhani kwamba mtoto mgonjwa akishazaliwa, watatu wanaofuata wamesalimika.

Aya yako ya kwanza, basi, ningeiandika hivi: "Huu ni utafiti. Watafiti wanataka kujua kama dawa hii ni salama na kama inapunguza maumivu ya selimundu, ambayo baadhi yetu tunaiita siko seli. Seli za uloto wa mtoto wako zitatolewa, jeni moja ndani yake itazimwa, kisha atarudishiwa. Ataendelea kuwa mtoto wako na wa baba yake. Akija kupata watoto, anaweza bado kuwarithisha jeni ya selimundu. Una hiari ya kukataa, na ukikataa ataendelea kupata matibabu yake kama kawaida."