Kusoma majina ya Kinahuatl kwenye glifu: anza na sauti

Matrícula de Huexotzinco ya mwaka 1560, orodha ya walipa kodi wa Huexotzinco huko Meksiko, iliyomo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ina safu nyingi za vichwa vya wanaume. Kila kichwa kimeshikamana na picha ndogo, na picha hiyo (glifu) ndiyo jina. Kando pana herufi za Kilatini: jina la ubatizo, kisha la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Funika herufi hizo kwanza, la sivyo jicho litaona tu ulichokwisha kusoma.

Itaje picha kwa Kinahuatl. Kihispania hakitakufikisha popote. Kila neno, isipokuwa la mwisho, livue kiishio -tl, -tli au -in ubaki na mzizi. Nyoka mwenye vipande vya obsidiani (kioo cha volkano) mgongoni ni itztli (obsidiani) na coatl (nyoka): Itzcoatl, mtawala wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki. Yuko kwenye Codex Mendoza, kitabu cha picha cha Meksiko cha karne ya 16, na ni mfano mwepesi kwa kuwa sauti na maana zinakwenda pamoja.

Mara nyingi haziendi pamoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Meno (tlantli) huwekwa kwa ajili ya silabi tlan tu, bila habari yoyote ya kinywa. Bendera (pantli) hutoa pan, lakini bendera hiyohiyo ni tarakimu 20. Ikiwa juu ya mzigo wa ushuru, hesabu. Ikigusa glifu ya jina, jaribu sauti. Mti (cuahuitl) na tai (cuauhtli) vyote hubaki cuauh-, kwa hiyo ukikutana na cuauh- kwenye maandishi, rudi kwenye picha kabla ya kutafsiri.

Majina ya Kihispania yanaonyesha mbinu hii waziwazi. Mendoza, gavana mkuu wa Kihispania huko Meksiko, aliandikwa kwa metl, mmea wa jamii moja na mkonge wetu wa Tanga, pamoja na tozan, mnyama mchimba mashimo anayefanana na fuko. Me-toza. Mkonge na fuko hawamhusu hata kidogo.

Mwisho funua maandishi, ulinganishe. Sauti ya w huandikwa hu, u au v. X ni sh. Quauhtli na cuauhtli ni neno moja. Ukikosa neno kwenye kamusi ya Kinahuatl ya Molina ya 1571, badili tahajia utafute tena kabla ya kumlaumu mchoraji. Kwa majina ya watu yaliyotokana na siku za kalenda, usisubiri nukta za namba ya siku, 1 hadi 13: huenda ikachorwa alama ya siku peke yake.