Jibu: Binti wa darasa la tatu anasoma kwa kukatakata silabi

Mama mwenzangu, unasema binti anasoma "ki-ta-bu" hadi akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Usimbadilishie kitabu kila siku. Chukua aya moja fupi, msomee kwanza kwa sauti huku akifuata kwa kidole. Kisha someni pamoja, halafu asome peke yake. Rudieni aya hiyohiyo siku tatu nne. Wengi huona huko ni kukariri tu, lakini ndiko kunakomzoesha kulitambua neno zima kwa jicho. Akikwama zaidi ya neno moja katika kila kumi, tafuta kitabu chepesi zaidi.

Sikiliza pia anakwama wapi. Mara nyingi ni kwenye ng', mbw na nyw. Zifanyieni mazoezi pembeni: ng'ombe, mbwa, nywele. Na tafadhali, kaka zake wasimcheke anapokosea.