Taa za mbele za Land Rover ya zamani: shughulikia waya kabla ya kununua taa

SWALI: Ninamiliki Land Rover Series III ya mwaka 1979, ile ndefu ya inchi 109, niliyoirithi kwa marehemu baba. Taa zake za mbele bado ni zile za duara za kiwandani na mwanga wake ni hafifu mno, kiasi kwamba usiku nikipandisha mlima Kitonga huona njia kwa msaada wa taa za malori kuliko za kwangu. Nikiwasha fuli (mwanga wa mbali) kwa muda mrefu, swichi iliyo kwenye usukani hupata moto. Muuzaji wa vipuri ananishauri nifunge taa za LED, na fundi mmoja anasema nitie globu za wati 100. Nifuate ushauri upi, na waya zipitishwe vipi? Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na hongera kwa kulitunza gari la mzee. Nakuomba usinunue taa yoyote kwanza, kwa sababu ule moto unaousikia kwenye swichi ndio nusu ya jibu lako.

Katika Series III, umeme wote wa taa kubwa hutoka kwenye betri, ukaingia kwenye swichi ya taa, ukapita swichi ya kuchagua dimu (mwanga wa chini) na fuli, kisha ukarudi mbele hadi kwenye taa, bila kusaidiwa na relei hata moja (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), na kwa kawaida bila fyuzi ya kuulinda. Taa mbili za wati 60 zikiwa kwenye fuli huvuta takriban ampea 10. Swichi iliyofanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40 imekwisha kuliwa na kutu ndani, na umeme unaopasha moto swichi ni umeme ambao haukufika kwenye taa. Isitoshe, mwanga wa globu yenye uzi hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyopungua. Betri ikiwa na volti 13.5 huku injini inazunguka, na globu ikapata volti 12 tu, mwanga hubaki kama theluthi mbili, zikifika 11.5, unapata zaidi ya nusu kidogo tu. Ndiyo maana ninasema hata taa mpya za bei kubwa, zikifungwa kwenye waya hizo hizo, zitakuvunja moyo.

Upimaji wenyewe ni rahisi, ila lazima ufanyike taa zikiwa zinawaka, kwa kuwa waya usiopitisha umeme hauonyeshi upungufu wowote. Weka ncha moja ya mita ya volti kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya taa inayopokea umeme. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, kuna upotevu unaostahili kutibiwa. Kisha pima kutoka hasi ya betri hadi kwenye pini ya hasi ya taa, ambako kipimo kisizidi kama volti 0.2. Usiruke kipimo hiki cha pili. Bodi la Land Rover ni la alumini lililofungwa kwa boliti kwenye vyuma, na mahali alumini na chuma vinapokutana, unyevu ukiingia, hujengeka ukungu mweupe unaozuia umeme. Nimeona magari mengi ambayo taa zake zilipata uhai kwa kupewa tu waya mpya wa hasi kutoka kwenye taa moja kwa moja hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi, au bora zaidi, hadi kwenye hasi ya betri.

Baada ya hapo, funga relei mbili za volti 12, za ampea 30 au 40, moja ya dimu na nyingine ya fuli. Chagua mahali pakavu karibu na betri na uzielekeze miguu chini ili maji yasitulie ndani. Toa waya wa shaba wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye chanya ya betri na uweke fyuzi yake isizidi shubiri moja kutoka betri, kwa kuwa sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Waya huo uende kwenye mguu namba 30 wa kila relei. Mguu namba 87 ndio unaopeleka umeme kwenye taa, kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Mguu namba 85 uende hasi, na namba 86 upokee waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye taa. Kwa rangi za waya za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, zilizotumika kwenye gari lako, waya wa bluu wenye mstari mwekundu ni dimu, wa bluu wenye mstari mweupe ni fuli, na mweusi ni hasi. Lakini gari la umri huu limepita mikononi mwa mafundi wengi, kwa hiyo hakikisha kwa taa ya kupimia kabla ya kuamini rangi. Kwa mpangilio huu swichi yako ya zamani itabeba chini ya nusu ampea kwa ajili ya taa kubwa na haitapata moto tena. Mimi huongeza jambo moja: kila taa ya dimu naipa fyuzi yake ya ampea 10, ya kushoto na ya kulia, ili hitilafu ya upande mmoja isikuache gizani kwenye kona.

Wasomaji wenye Land Cruiser za zamani wasinakili mchoro huu. Nyingi kati ya hizo hupeleka chanya kwenye taa muda wote taa zinapowashwa, na swichi huchagua dimu au fuli kwa kukata upande wa hasi. Pia baadhi yake ni za volti 24.

Sasa tuje kwenye taa zenyewe. Kwa gari lako ningechagua taa ya duara ya inchi 7 yenye kioo na kiakisi (sehemu ya ndani inayorudisha mwanga mbele) kinachopokea globu ya H4, yaani yenye nyuzi mbili, ya wati 60 za fuli kwa 55 za dimu. Hukaa mahali pa ile ya zamani, na globu ikiungua Makambako usiku utaipata dukani. Pima kwanza kina cha bakuli ambamo taa hukaa, kwa maana globu ya H4 pamoja na konekta yake hujitokeza nyuma zaidi, na usisahau ule mpira wa kuzuia maji.

Globu za wati 100 usizitie. Mbili zitavuta karibu ampea 17, zitachosha konekta, na joto lake huharibu rangi ya fedha ya kiakisi mpaka mwanga unafifia tena. Wala usitie globu ya LED ndani ya kiakisi cha H4. Uzi wa dimu katika H4 umekaa mahali mahususi, chini yake pana kikinga kidogo cha chuma, na kiakisi kimechongwa kufuata vitu hivyo viwili. Chanzo cha mwanga chenye umbo jingine hutawanya mwanga juu na kumpofusha anayekuja. Taa kamili ya LED ya inchi 7, iliyobuniwa hivyo tangu mwanzo, ni jambo tofauti na inafaa, mradi ni ya upande wetu wa barabara.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Tanzania tunapita kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na mwanga wa dimu huinuka kidogo upande wa pembeni mwa barabara. Taa ya nchi za kulia ikifungwa hapa humwinukia dereva wa mbele yako. Tazama alama kwenye kioo: kwenye taa yenye herufi E ndani ya duara, mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya taa maana yake ni kwamba imetengenezwa kwa nchi za kushoto, mshale wenye ncha mbili hufaa pande zote, pasipo na mshale, ni ya kulia, iache.

Mwisho ni kulenga. Simamisha gari kwenye sakafu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, likiwa na upepo sahihi wa matairi na mzigo unaoubeba kwa kawaida. Weka alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa, washa dimu, kisha zungusha skrubu za kulengea hadi mpaka wa juu wa mwanga ukae sentimita 5 hadi 7 chini ya alama. Acha taa zikiwaka dakika 15 huku injini inazunguka, halafu gusa swichi, relei na kila konekta. Panapochoma mkono, fungua na ufunge upya kabla hujaondoka.